Sura ya Sita: Mizani Iliyo Juu ya Ikweta

Kama mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa, kwa nini haupandi hadi juu kabisa ukajaa huko?

Swali hili huja kwa njia nyingi. Mpishi akifunua sufuria ya wali huuona mvuke ukikimbilia dari. Mkazi wa Mombasa anayeamka usiku wa Februari shuka limeloa jasho hujiuliza unyevunyevu wote huu huishia wapi. Na abiria aliyetoka Nairobi jioni akafika London alfajiri hushuka na midomo iliyokauka na koo linalowasha, ilhali sehemu ya usiku huo alikuwa akipita juu ya mawingu mazito ya mvua. Maji yako chini yake tele. Mbona yeye amekauka?

Jibu fupi ni hili: hewa yoyote inayotaka kwenda juu sana hupitia mahali penye baridi kali, na hapo hunyang'anywa maji yake. Mahali penyewe pako juu ya ikweta, yaani juu ya vichwa vyetu. Sura hii inaeleza mahali hapo ni wapi, paligunduliwaje, na kwa nini bila baridi hiyo huenda tusingekuwa na bahari.

Ukavu wenyewe ni wa kiasi gani?

Tuanze na hesabu. Hewa imeundwa na molekuli, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Ukichota hewa ya Dar es Salaam siku ya joto la fukuto, katika kila molekuli milioni moja utakuta karibu 30,000 ni za maji. Panda kilomita 18 au 20 juu ya mji huohuo, uchote tena. Safari hii katika milioni utapata molekuli 4 hivi.

Hewa ya Sahara, ambayo sote tunaiita kavu, bado ina maelfu ya molekuli za maji katika kila milioni. Kwa hiyo anga ya juu si kavu kama jangwa. Imelipita jangwa mara nyingi sana.

Wepesi wa mvuke hauamui kitu

Ni kweli kwamba molekuli ya maji ni nyepesi. Tukiipa uzito wa 18, molekuli ya kawaida ya hewa ina uzito wa 29. Ndiyo maana wengi hudhani mvuke utapanda kama mafuta yanavyoelea juu ya maji.

Lakini hewa haitulii ikatengana kama mafuta na maji. Pepo, joto na dhoruba huikoroga usiku na mchana, kuanzia ardhini hadi kilomita 100 hivi. Ushahidi mzuri ni kabonidayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua. Molekuli yake ina uzito wa 44, kwa hiyo ingepaswa kulala chini kama tope kwenye mtungi. Hailali. Ukipanda kilomita 20 utaikuta katika uwiano unaokaribia ule wa ardhini.

Basi gesi nzito imefika juu, na nyepesi haikufika. Uzito hauwezi kuwa ndio sababu. Lazima maji yawe na jambo jingine linaloyatofautisha na wenzake.

Chupa ya soda na barafu ya friji

Jambo hilo ni kwamba maji huganda upesi. Naitrojeni, ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa yote, hugeuka kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Oksijeni husubiri hadi nyuzi 183 chini ya sifuri. Hapana mahali katika angahewa yetu penye baridi ya kiasi hicho. Maji yanaanza kusalimu amri hapahapa jikoni.

Toa chupa ya soda kwenye friji, uiweke mezani. Baada ya dakika mbili "imetoka jasho". Jasho lile halikupenya kwenye kioo. Ni mvuke uliokuwa hewani, ukagusa kitu baridi, ukageuka matone. Sasa fungua friji ya zamani, ile inayojaza barafu kwenye kuta za sehemu ya kugandishia. Nani aliweka barafu ile? Hakuna. Unyevu wa mchicha, nyanya na sufuria iliyoachwa wazi ulizunguka ndani ya friji hadi ukafika mahali penye baridi kuliko pote, ukagandia hapo. Ndiyo maana mchicha usiofunikwa hunyauka: maji yake yamehamia ukutani.

Shika kanuni ya friji hiyo, kwa maana sura yote imejengwa juu yake: *unyevu wa hewa huamuliwa na mahali penye baridi zaidi ambapo hewa hiyo imepita.*

Hewa ikiwa na mvuke wote unaoweza kuwemo bila kugeuka maji au barafu, tunasema imeshiba. Kiasi cha kushiba hushuka haraka sana kadiri baridi inavyoongezeka. Katika mita moja ya ujazo, yaani sanduku lenye urefu, upana na kimo cha mita moja, mvuke unaoshibisha ni takriban:

- nyuzijoto 30 za sentigredi: gramu 30, kama vijiko viwili vya chakula vya maji;
- nyuzijoto 10: gramu 9;
- sifuri: gramu 5;
- nyuzi 20 chini ya sifuri: chini kidogo ya gramu 1;
- nyuzi 40 chini ya sifuri: gramu 0.12;
- nyuzi 80 chini ya sifuri: gramu 0.0006.

Angalia mstari wa mwisho. Vijiko viwili vimebaki kitu ambacho mizani ya duka la dawa isingekihisi.

Kwa nini juu ni baridi?

Wengine husema, "Lakini juu ndiko kuliko karibu na jua." Ukaribu huo ni bure. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, na kilomita kumi za kupanda hazipunguzi chochote cha maana. Miale ya jua hupita hewani bila kuipasha sana, ikafika ardhini na baharini. Ardhi ndiyo jiko, na hewa hupashwa kutoka chini.

Hewa iliyopashwa hupanda, na ikipanda hukuta mgandamizo mdogo, kwa sababu hewa iliyobaki juu yake ni kidogo. Basi hutanuka, na kutanuka hula joto lake. Fundi baiskeli anajua: ukifungulia vali ya tairi, upepo unaotoka ni wa baridi, ukisukuma pampu, pampu hupata moto. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzi 6.5 kwa kila kilomita ya kupanda.

Mlima Kilimanjaro unaonyesha matokeo yake kwa macho. Hewa yenye unyevu hupanda mtelemko wa kusini, ikapoa, ikashiba, ikashusha mvua. Kwa hiyo katikati ya mlima, tuseme kati ya mita 1,800 na 2,800, kuna msitu mnene unaodondosha maji. Endelea kupanda. Ukipita mita 4,000 unatembea kwenye jangwa la mawe na vumbi. Mpandaji aliyelowa jana leo anapakaa mafuta midomoni. Huko juu hakufiki mvuke mwingi kwa sababu umeachwa msituni.

*Kwa ufupi:* hewa ikipanda hupoa, ikipoa hushiba, ikishiba humwaga maji. Kila hatua ya kupanda ni hatua ya kukamuliwa.

Mahali baridi inapokoma

Je, baridi huendelea kuongezeka hadi mwisho? Hapana, na jambo hili liliwashangaza waliolipima kwanza. Mfaransa Léon Teisserenc de Bort alirusha maputo yasiyo na mtu, yenye vipimajoto, kutoka Trappes karibu na Paris. Yakifika kilomita 11 hivi, joto liliacha kushuka. Alidhani jua linavidanganya vipimo vyake, akarusha mengine usiku. Jibu halikubadilika. Baada ya maputo zaidi ya 200 alitangaza, mwaka 1902, kwamba angahewa ina matabaka mawili tofauti.

Tabaka la chini, lenye mawingu, mvua na misukosuko, huitwa *troposfia*. La juu yake, tulivu na lisilo na mawingu ya mvua, huitwa *stratosfia*. Mpaka wao ni *tropopozi*. Juu ya mpaka huo joto huanza kupanda tena, kwa sababu huko kuna gesi ya ozoni inayonyonya miale mikali ya jua na kuipasha hewa. Hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa baridi haina sababu ya kushuka, na ya chini haina nguvu ya kupanda. Tropopozi inakuwa kama mfuniko wa sufuria.

Mfuniko huu hauko kimo kimoja kila mahali. Juu ya Uingereza uko kilomita 11 hivi. Juu ya ikweta, ambako ardhi na bahari hupika hewa kwa nguvu, umesukumwa hadi kilomita 16 au 17, karibu mara tatu ya kimo cha Kilimanjaro. Hapo ndipo penye jambo la ajabu: nchi zenye joto kuliko zote zina tropopozi yenye baridi kuliko zote. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe. Anza na nyuzi 27 za ardhini, toa 6.5 kwa kila kilomita, mara kilomita 16.5. Unabaki na nyuzi 80 chini ya sifuri. Hewa ya kwetu ina ngazi ndefu zaidi ya kupanda, kwa hiyo ina muda mrefu zaidi wa kupoa.

Miongoni mwa waliokwenda kulithibitisha hilo alikuwa Arthur Berson, mtafiti kutoka kituo cha hali ya hewa cha Lindenberg, Ujerumani. Mwaka 1908 alikuja Afrika Mashariki na msafara wake, wakarusha maputo katika eneo la Ziwa Victoria. Waliikuta stratosfia, lakini juu zaidi na kwenye baridi kali zaidi kuliko ile iliyozoeleka Ulaya.

Kitendawili kilichofumbuliwa na vita

Hata hivyo, kujua kwamba juu kuna baridi si sawa na kujua kwamba kuna ukavu. Ukavu uligunduliwa kwa sababu ya mistari myeupe inayofuata ndege. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mistari hiyo ilikuwa hatari: iliwaonyesha maadui ndege ilipo. Jeshi la Uingereza lilitaka kujua lini hutokea na lini haitokei, na jibu lilitegemea unyevu wa hewa ya juu.

Kazi hiyo ilimwangukia mwanafizikia Alan Brewer, akishirikiana na Gordon Dobson wa Oxford. Kifaa chao kilitumia kanuni ileile ya chupa ya soda. Kijisahani cha chuma kilipozwa kidogokidogo ndani ya ndege huku mtu akikitazama. Jalidi, yaani utando mwembamba wa barafu, ilipojitokeza, waliandika nyuzijoto ya kijisahani. Kadiri hewa ilivyokuwa kavu, ndivyo kijisahani kilivyohitaji baridi zaidi kabla ya kushika jalidi.

Ndege ilipovuka tropopozi ya kusini mwa Uingereza, jalidi iligoma kutokea. Walipoza, wakapoza tena, hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri.

Hapo ndipo penye kitendawili. Tropopozi ya Uingereza ina baridi ya nyuzi 55 au 60 tu chini ya sifuri. Kama hewa ile ingekuwa imepanda kutoka Uingereza, ingekamuliwa kwa kiwango hicho na kubaki na maji mengi zaidi. Nguo iliyokamuliwa na mtoto haiwezi kukauka kama iliyokamuliwa na mtu mzima. Hewa ile ilikuwa imepita penye baridi ya nyuzi 80, na Uingereza haina mahali hapo. Mahali hapo pako ikweta.

Mwaka 1949 Brewer alitoa maelezo yanayokubalika hadi leo. Hewa huingia stratosfia kwa kupanda polepole juu ya nchi za tropiki, ikakamuliwa kwenye tropopozi yao, kisha ikasafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, na kushuka tena karibu na ncha za dunia. Dobson naye aliona ozoni ikifuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana safari hii inaitwa *mzunguko wa Brewer na Dobson*.

Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka bandari ya Dar es Salaam au Mombasa kwenda bara ataielewa haraka. Lori lipakie litakavyopakia bandarini; njiani kuna mizani. Likizidi, mzigo hushushwa. Kinachofika bara hakiamuliwi na wingi wa shehena iliyoko bandarini. Kinaamuliwa na mizani. Bahari ya Hindi, msitu wa Kongo na Ziwa Victoria ni bandari zenye shehena kubwa ya mvuke. Tropopozi ya ikweta ndiyo mizani.

Kaseti inayozunguka angani

Mizani hii ina msimu. Tropopozi ya tropiki huwa baridi zaidi karibu na Januari, hasa juu ya Indonesia na magharibi mwa Bahari ya Pasifiki, na hulegea kidogo katikati ya mwaka. Hewa inayopita Januari hutoka kavu zaidi; ya Julai na Agosti hutoka na maji kidogo zaidi.

Miaka ya 1990, katika vipimo vya setilaiti vya maji ya stratosfia, watafiti waliona matabaka yakipishana juu ya ikweta: kavu, yenye unyevu, kavu, yenye unyevu. Kila tabaka lilikuwa likipanda taratibu, mita 20 au 30 hivi kwa siku, likiwa bado na alama ya msimu lilioingilia. Wakalifananisha na kaseti: tropopozi inarekodi, na mkanda unasogea juu. Ukitaka kujua baridi ya mwaka jana, soma tabaka lililoko kilomita kadhaa juu ya mizani.

Wanaoikwepa mizani

Kila mizani ina wanaoikwepa, na hii ina wawili wa kutajwa.

*1. Methani.* Hii ni gesi inayotoka kwenye vinamasi, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe. Haigandi kwenye baridi ya tropopozi, kwa hiyo hupita bila kuguswa. Ikifika juu huunguzwa polepole kwa msaada wa mwanga wa jua, na kila molekuli moja hutoa takriban mbili za maji. Ni kama mtu aliyevusha gari likiwa spea, akaliunganisha ng'ambo. Kwa sababu hiyo, kwenye kilomita 50 maji huongezeka kutoka 4 hadi 6 au 7 katika milioni. Bado ni kidogo sana.

*2. Volkano.* Tarehe 15 Januari 2022, volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka chini ya maji ya Bahari ya Pasifiki. Ilirusha moshi, majivu na mvuke hadi kilomita 57, ikaacha katika stratosfia karibu tani milioni 150 za maji. Hilo ni ongezeko la asilimia 10 hivi ya maji yote ya tabaka hilo, katika siku moja. Mlipuko ulikuwa na kasi na joto lake wenyewe. Baridi ya mpakani haikupata nafasi ya kuukamua. Lori lilivunja kizuizi.

Ukavu huu unatulindaje?

Juu ya kilomita 70 au 80, miale mikali ya jua huvunja molekuli za maji. Haidrojeni inayotoka humo ni nyepesi mno, na sehemu yake huponyoka kabisa kwenda anga za mbali. Haidrojeni ikiondoka, maji hayo hayarudi tena.

Dunia hupoteza kilo 3 hivi za haidrojeni kwa sekunde. Zinasikika nyingi, lakini kwa kasi hiyo hata miaka bilioni moja haitamaliza sehemu moja katika elfu ya maji ya bahari. Kinachozuia hasara isiwe kubwa ni uhaba wa maji juu ya mizani: jua haliwezi kuvunja kisichofika.

Jirani yetu, sayari ya Zuhura, hakubahatika. Uso wake una joto la nyuzi 460 hivi, na hewa yake karibu haina maji. Lakini haidrojeni kidogo iliyobaki huko ina aina nzito ya haidrojeni kwa uwiano unaozidi ule wa duniani mara zaidi ya 100. Hiyo ni dalili kwamba nyepesi ilitoroka kwa wingi na nzito ikaachwa. Wanasayansi wengi huisoma dalili hiyo hivi: Zuhura ilikuwa na maji mengi zaidi, joto likazidi, baridi ya juu ikashindwa kuyazuia, yakapanda na kupotea.

Kwetu, hata mabadiliko madogo kwenye maji hayo machache yana uzito, kwa sababu mvuke huzuia joto la dunia lisitoke. Baada ya mwaka 2000 maji ya stratosfia yalipungua kwa asilimia 10 hivi, na kupungua huko kulichangia kupunguza kasi ya ongezeko la joto duniani kwa muda. Ndiyo maana tropopozi ya ikweta inaangaliwa kwa makini: ikipata joto kidogo, mizani italegea.

Mambo ya kukumbuka

- Mvuke hauzuiwi na uzito wake. Unazuiwa na baridi.
- Hewa hubaki na maji yanayoruhusiwa na mahali penye baridi zaidi katika njia yake.
- Kwa hewa ya stratosfia, mahali hapo ni tropopozi ya ikweta, kilomita 16 au 17 juu yetu, kwenye nyuzi 80 hivi chini ya sifuri.
- Methani na volkano kubwa huongeza maji kidogo kwa kuikwepa njia hiyo.
- Bahari zimebaki duniani kwa msaada wa ukavu huo.

Ukitaka kuiona mizani, keti ufukweni mwa Ziwa Victoria jioni dhoruba inapojikusanya. Wingu litapanda kama mnara, kisha ghafla kichwa chake kitatandaa bapa, mfano wa fuawe ya mhunzi. Limegonga mfuniko. Hapo juu barafu inaganda, inakua, inakuwa nzito, inaanza kuanguka, na njiani inayeyuka. Mvua itakayomkuta mvuvi kwenye mtumbwi wake usiku huo ni shehena iliyoshushwa mizanini.